Mtoto njiti hahitaji dashibodi yangu

Nimekuwa kimya kwa majuma kadhaa, na safari hii sina kisingizio cha stima kupotea wala cha intaneti ya mwendo wa kobe. Nilikuwa naandika programu ambayo sasa naona haikufaa kuandikwa. Leo nataka kugombana kidogo: na wenzangu wa tarakilishi, na wauzaji wa mashine za hospitali, na kwanza kabisa na nafsi yangu.

Kisa chenyewe ni hiki. Kulikuwa na mashindano ya kuandika programu za afya, siku mbili, chakula bure (mnanijua). Kikundi chetu cha watu wanne kilichagua kupima oksijeni ya ubongo kwa watoto njiti, yaani wale wanaozaliwa kabla ya wakati wao kutimia. Mimi ndiye niliyesukuma wazo hilo, na nitawaambia baadaye ni kwa nini. Tulijenga dashibodi: vitanda ishirini kwenye skrini moja, kila ubongo na mstari wake, kijani mambo yakiwa shwari, nyekundu na kengele oksijeni ikishuka. Data ilikuwa ya kubuni tu lakini ilipendeza ajabu. Majaji wakapiga makofi. Tukatoka nambari mbili, tukapewa na mwaliko wa kuionyesha programu yetu katika hospitali moja ya kaunti ambayo sitaitaja.

Huko tulipokewa na muuguzi msimamizi wa wodi ya watoto wachanga, mama wa makamo. Alitazama skrini yetu mpaka mwisho bila kusema neno. Kisha akauliza:

"Ikilia, nifanye nini?"

Nikamjibu, "Utamwita daktari, sista."

"Daktari yuko chumba cha upasuaji. Haya, tuseme nimempata. Yeye afanye nini?"

Jamani, sikuwa na jibu. Wenzangu nao wakaanza kuangalia viatu vyao. Yule mama hakutukejeli. Alisema tu, "Kijana wangu, nenda kaulize hilo kwanza, halafu urudi." Basi nikaenda kuuliza, na nimesoma mengi kuliko nilivyosoma nikiwa chuoni.

Kwanza mashine yenyewe, maana ni ya ajabu na sitaki mtu adhani naidharau. Mwanga wa infraredi, ule ulio karibu na mwanga mwekundu lakini jicho halioni, hupenya ngozi na mfupa. Himoglobini ya damu yenye oksijeni huunyonya mwanga huo kwa namna moja, na ile iliyokwisha kuitoa oksijeni yake huunyonya kwa namna nyingine. Mwaka 1977 Frans Jöbsis wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, alionyesha kwamba unaweza kuutumia mwanga huo kuchungulia oksijeni ndani ya ubongo bila kupasua kitu. Kichwa cha njiti ni kidogo na fuvu lake ni jembamba, kwa hiyo ni kama kiliumbiwa kazi hii. Unabandika kihisi kwenye paji la uso, na namba inatokea: asilimia 70, asilimia 62, asilimia 51.

Na ubongo wa njiti kweli uko hatarini. Mishipa yake ya damu ni laini mno, na siku tatu za kwanza ndizo mbaya zaidi: damu ikipungua sehemu za ubongo hufa, ikija kwa kishindo mishipa hupasuka. Oksimita ya kawaida, ile ya kufungwa mguuni au mkononi, hukwambia oksijeni iliyomo kwenye damu ya ateri. Haikwambii kama damu hiyo inafika kichwani ya kutosha. Kwa hiyo wazo la kupima ubongo moja kwa moja lina mantiki kabisa. Mwanaprogramu yeyote angelipenda. Kwa nini upime seva kwa kuangalia waya wakati unaweza kuiuliza seva yenyewe?

Sasa sikilizeni yaliyotokea mantiki hiyo ilipopelekwa kwenye mizani.

Watafiti wa Ulaya, wakiongozwa kutoka Copenhagen, walifanya jaribio lililoitwa SafeBoosC II, na matokeo yakatoka mwaka 2015. Watoto 166. Nusu madaktari wao waliiona namba ya ubongo na kuwa na mwongozo wa kufuata, nusu hawakuiona. Kwa wale walioonekana, muda wa ubongo kukaa nje ya kiwango kinachofaa ulipungua kwa zaidi ya nusu. Namba ilipona! Ningekuwa mimi ningefungua kampuni siku hiyo hiyo.

Wao hawakufungua kampuni. Walijiuliza swali la yule sista kwa namna yao: sawa, namba imepona, je, mtoto? Wakafanya jaribio kubwa, SafeBoosC III. Watoto 1,601 waliozaliwa kabla ya wiki 28, hospitali 70 katika nchi 17. Kihisi kilibandikwa ndani ya saa 6 baada ya kuzaliwa na kufuatwa kwa saa 72. Matokeo yalichapishwa mwaka 2023. Katika kundi lililopimwa ubongo, waliofariki au kupata madhara makubwa ya ubongo walikuwa asilimia 35.2. Katika kundi la matibabu ya kawaida, asilimia 34.0.

Rudia kuzisoma hizo namba mbili. Hakuna tofauti. Na hizi ni hospitali zenye madaktari wa njiti usiku na mchana, zenye maabara jirani na kitanda, zenye muuguzi wa watoto wawili au watatu.

Mwaka huo huo wa 2023 likatoka jaribio jingine la Ulaya, COSGOD III, la watoto 607, lililopima ubongo katika dakika 15 za kwanza tu. Walionusurika bila madhara ya ubongo walikuwa asilimia 82.9 kwa waliopimwa na 78.5 kwa wasiopimwa. Inatia moyo, lakini tofauti hiyo haikuvuka mstari wa takwimu, na mwenye haki hawezi kuiuza kama ushindi. Huenda siku moja likaja jaribio litakaloonyesha faida. Siku hiyo nitaandika makala nyingine na kujikosoa bila aibu.

Lakini hasira yangu haitokani na majaribio hayo. Inatokana na ule mwongozo wa kufuata kengele inapolia. Niliutafuta, nikausoma nikiwa na dashibodi yangu pembeni, na ndipo nilipoelewa nilichoulizwa.

Oksijeni ya ubongo imeshuka. Angalia shinikizo la damu na jinsi moyo unavyosukuma. Kwa mtoto wa gramu 1,000 hilo linataka mkanda mdogo kuliko kidole chako, au mrija ndani ya mshipa, na ikibidi mashine ya picha ya moyo na mtu anayeijua. Kisha angalia kaboni dioksidi katika damu, kwa sababu ikiwa chini mno mishipa ya ubongo hujibana na damu inapungua. Hiyo inataka kipimo cha gesi za damu, majibu yaje sasa hivi na siyo kesho saa nne, na mashine ya kupumulia ambayo unaweza kuirekebisha. Angalia wingi wa damu. Akiwa na upungufu, mwongezee, yaani uwe na benki ya damu inayoweza kutoa mililita chache za kundi linalofaa usiku wa manane. Angalia oksijeni anayopewa, uipandishe au uishushe kidogo kidogo. Hiyo inataka kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa.

Mmeona? Kila mstari wa mwongozo ni mashine nyingine, mtaalamu mwingine, bajeti nyingine. Kihisi cha ubongo ni kengele ya mlango. Sisi tulitaka kuweka kengele ya mlango kwenye nyumba isiyo na mtu ndani, tena tukapigiwa makofi.

Na kengele yenyewe si ya kuaminika sana. Namba inayotoka ni mchanganyiko wa damu ya ateri na ya vena, kwa makadirio ya mtengenezaji. Mashine za kampuni mbili tofauti zikibandikwa kwa mtoto mmoja zinaweza kutoa majibu yanayopishana. Hata kihisi cha watu wazima na cha watoto wachanga cha kampuni moja hupishana. Vihisi vingi ni vya mtoto mmoja, kisha vinatupwa. (Wauzaji wa wino wa printa wanaielewa biashara hii vizuri sana. Mashine watakupa hata kwa bei ya hasara.)

Nilisema nitawaambia kwa nini nilisukuma wazo hili. Mwaka 2019 dada yangu alijifungua wiki ya 30. Binti, kilo moja na gramu mia tatu. Nilikuwa nampelekea dada uji na nguo, na mara mbili au tatu niliruhusiwa kusimama mlangoni mwa wodi. Usiku mmoja nilihesabu: watoto 17, muuguzi mmoja. Oksimita iliyokuwa ikifanya kazi ilikuwa moja. Muuguzi alikuwa anaihamisha kutoka kwa mtoto hadi mtoto, anasubiri namba itulie, anaandika kwenye karatasi, anahama. Akifika kwa mtoto wa kumi na saba, wa kwanza amekaa muda mrefu bila kupimwa. Njiti huacha kupumua ghafla, wanasahau tu, ubongo haujakomaa kukumbuka. Mara nyingi anachohitaji ni mtu wa kumgusa na kumwamsha, pamoja na dawa ya kafeini (ndiyo, ileile iliyomo kwenye kahawa). Lakini lazima mtu ajue kwamba ameacha.

Mtoto wa jirani na binti yetu hakupambazukiwa. Hakuna kengele iliyolia. Mama yake aliondoka asubuhi na leso yake mkononi.

Binti yetu yuko shuleni sasa na ni mtundu. Lakini mimi nilibaki na usiku ule, na kama mjuavyo sisi watu wa tarakilishi, huzuni tukiipata tunaitengenezea skrini. Hapo ndipo nilipokosea. Niliona mtoto aliyekufa bila kuonekana, nikadhani kinachokosekana ni kipimo cha hali ya juu zaidi. Kumbe kilichokosekana ni kipimo cha chini, cha kawaida, kilichogunduliwa na Takuo Aoyagi kule Japani mwaka 1974, pamoja na mkono wa pili wa kukifanyia kazi.

Takwimu za nchi zinasema vivyo hivyo. Utafiti wa Afya na Idadi ya Watu Kenya wa 2008-09 ulikuta vifo vya watoto wa chini ya siku 28 ni 31 kwa kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai. Mwaka 2014 vilikuwa 22. Mwaka 2022, 21. Kwa miaka minane tumeshuka mmoja! Lengo la dunia ni kufikia 12 ifikapo 2030. Na Shirika la Afya Duniani linasema waziwazi kwamba katika nchi maskini nusu ya wanaozaliwa wiki ya 32 au kabla yake hufa kwa kukosa mambo ya kawaida: joto, msaada wa kunyonya, matibabu ya maambukizi na ya shida za kupumua.

Najua kuna atakayesema, "Kwa hiyo wewe unataka watoto wa Kenya wapewe teknolojia ya zamani, ya kisasa iende kwa Wazungu?" Swali zuri, na limenisumbua. Nimechoka na dharau hiyo ya "inayowatosha Waafrika" kama mtu yeyote. Lakini angalia jaribio la mwaka 2023 tena. Wazungu wenyewe, kwa mashine hiyo, hawakuokoa mtoto zaidi. Kukataa kununua kisichoonyesha faida si unyonge. Unyonge ni kununua ili tuonekane tunacho. Tulishalipia somo hilo: mwaka 2015 serikali ilitia sahihi mikataba ya kukodisha mashine za hospitali kwa kaunti, mabilioni ya shilingi, na ripoti ya kamati ya Seneti ya mwaka 2020 ikaeleza habari za mashine zilizokaa bila kazi kwa kukosa wataalamu, stima au chumba cha kuziweka.

Tena oksijeni si maji ya kunywa, kwamba ukizidisha hakuna ubaya. Miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 hospitali za nchi tajiri ziliwamiminia njiti oksijeni kwa sababu wakipata rangi nzuri walionekana wamepona. Maelfu wakawa vipofu. Stevie Wonder, aliyezaliwa 1950, ni mmoja wa waliopoteza macho namna hiyo. Mwaka 1951 Kate Campbell wa Melbourne aliandika kwamba oksijeni yenyewe ndiyo inayoshukiwa, na jaribio la Marekani la 1953 na 1954 katika hospitali 18 likathibitisha. Basi wakaibana oksijeni. Macho yakapona, na watoto wakaanza kufa kwa wingi zaidi. Hata mwaka 2010 jaribio jingine la Marekani lilionyesha kwamba kulenga kiwango cha asilimia 85 hadi 89 badala ya 91 hadi 95 kulipunguza upofu lakini kukaongeza vifo, kutoka asilimia 16.2 hadi 19.9. Pengo la asilimia chache tu kwenye oksimita, na pande zote mbili zina kaburi au giza.

Sasa fikiria wodi yetu: oksijeni inatoka safi kwenye mtungi, kifaa cha kuichanganya na hewa hakuna, oksimita ni moja ya kuzunguka. Huyo mtoto anapewa kiasi gani? Anapewa kinachotoka. Watoto wakianza kunusurika kwa namna hiyo, wengine watanusurika na macho yamekwisha haribika. Kabla ya kuchungulia ubongo, tumweke kila njiti anayepewa oksijeni kwenye oksimita yake mwenyewe, isiyohama, na tupate kifaa cha kuchanganya. Siyo kwamba oksimita haina kasoro. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kwa wagonjwa Weusi ilikosa kuuona upungufu wa oksijeni karibu mara tatu zaidi ya ilivyokosa kwa Weupe. Mwanga unapita kwenye ngozi, na ngozi ya nani ilitumika kuipima mashine? Hilo ni jambo la wahandisi wetu kulipigania, na ni kazi yenye maana kuliko rangi za dashibodi yangu. Na msidhani mwanga wa kwenye paji la uso unapita pengine.

Mnataka teknolojia iliyoshinda jaribio? Ipo, na ilifanyiwa majaribio huku kwetu: Tanzania, Malawi, Ghana na Nigeria, pamoja na India. Watoto 3,211 wa kilo 1.0 hadi 1.799. Nusu waliwekwa kifuani kwa mama, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa badala ya kungoja watulie kwanza. Vifo vya siku 28 vilikuwa asilimia 12.0 badala ya 15.7, na jaribio likasimamishwa mapema kwa sababu faida ilikuwa wazi. Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Ni ule utaratibu wa kangaruu ulioanza Bogotá mwaka 1978. Watoto hawa si sawa na wale wa kabla ya wiki 28 wa jaribio la Ulaya, sikatai. Lakini ndio waliojaa kwenye wodi zetu, ndio wanaokufa, na ndio wanaookoka. Kifaa kikuu ni mama na leso, ingawa leso peke yake haitoshi: inataka kitanda cha mama ndani ya wodi, na muuguzi wa kuwaangalia wote wawili. Hakuna mfadhili wa mashindano aliyewahi kunipigia makofi kwa kitanda.

Nilirudi kwa yule sista. Nilimwambia nimetafuta jibu na kwamba hapo kwake jibu ni "hakuna", kwa sasa. Akacheka, akanipa kiti. Nikamuuliza yeye angetaka programu gani. Hakufikiria hata dakika moja: anataka kujua mashine zake ziko wapi na zinaumwa nini. Oksimita ikiharibika inapelekwa kwa fundi na haijulikani itarudi lini, kihisi cha shilingi chache kinakatika waya na mashine nzima inalala kabatini mwaka mzima, mtungi wa oksijeni unaisha usiku na mwenye ufunguo wa stoo amelala kwake.

Kwa hiyo nimeifuta dashibodi. Mahali pake kuna daftari la mashine, kwenye simu ya kawaida kwa ujumbe mfupi, bila grafu hata moja. Liliandikwa kwa wikendi mbili na halitashinda tuzo yoyote. Msimbo ni huria, anayeutaka aniandikie. Ukurasa wake wa kwanza, ulivyojazwa na sista mwenyewe Jumatatu iliyopita: oksimita 4, inayofanya kazi 1, zisizo na kihisi 2, iliyo kwa fundi 1 tangu Machi. Hivyo vihisi viwili vya watoto wachanga ndivyo ninavyovitafuta wiki hii. Anayejua duka mjini lenye vya asili, siyo vya kuigiza, tafadhali aseme.